Ferst yia Mkatoliki, usijaze ratiba ya dini

Tumsifu Yesu Kristo wadogo zangu mnaoanza chuo mwezi huu. Najua sa hizi akili iko kwenye usajili, foleni ya hosteli na bumu (hela ya mkopo) ambalo bado halijasoma kwenye akaunti, kwa hiyo sitawachosha, nina neno moja tu na mi nililijua nimeshachelewa. Anzeni na kidogo.

Mi sekondari nlikuwa mwenyekiti wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki sekondari, sasa kufika chuo nikaona TMCS, kile cha wanachuo, ndo nyumbani kabisa. Wiki tatu hazijaisha nipo kwaya, nipo kikundi cha sala cha Lejio ya Maria, nimejiandikisha kusoma masomo ya misa, jumuiya ya hosteli wamenipa ukatibu, na mkesha sikosi hata mmoja. Watu wananisifia kweli kweli. Afu matokeo ya semista ya kwanza yakatoka nina sapu mbili (mitihani ya kurudia), na cha ajabu ni kwamba hata kusali nlikuwa sisali, yaani naimba wimbo wa katikati huku nawaza mazoezi ni saa ngapi na nani hajatoa hela ya sare. Nikaona aibu, nikaacha vyote kwa mpigo, hadi misa, kama miezi miwili hivi Jumapili nafua nguo tu.

Aliyenirudisha wala hakuwa Mkatoliki. Rumeti wangu alikuwa Mwislamu, kijana wa Tanga, kila alfajiri anaamka, anatia udhu, anaswali pale kwenye kinafasi kati ya vitanda viwili, akimaliza anarudi kulala au anafungua desa lake (notsi). Hana mbwembwe. Siku moja nikamuuliza hivi we huchoki, akacheka, akasema "kaka, si dakika chache tu?" Nikakosa la kujibu maana mi dakika chache ndo sikuwa nazo kabisa, nlikuwa na masaa ya vikao.

Basi nikaanza upya. Asubuhi kabla sijagusa simu ni ishara ya msalaba na Baba Yetu. Saa sita mchana sala ya Malaika wa Bwana, na hiyo ni fupi, unaimaliza kabla hujafika ukumbi wa kipindi kinachofuata, hamna anayejua kama unasali. Oktoba ni mwezi wa rozari lakini mi nlianza na tendo moja tu (Salamu Maria kumi) usiku, na siku nyingine nasinzia kwenye Salamu Maria ya saba, sawa tu. Jumapili misa, hiyo haina mjadala hata kama Jumatatu kuna tesiti.

Wanaodhani hivi ni vitu vya watoto wa komunyo ya kwanza wamwangalie Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, tunayemkumbuka tarehe 1 Oktoba. Aliingia utawani Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 15, akafa 1897 akiwa na 24, nje ya ule ukuta hakufanya kazi yoyote. Mambo yake yalikuwa kama kumvumilia mtawa mwenzake aliyekuwa anatoa kasauti kakero nyuma yake wakati wa sala, akajizuia hata kugeuka kumwangalia. Na ndo huyo huyo mwaka 1927 akafanywa msimamizi wa misioni, 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa. We mtawa wako ni yule anayeazima ndoo yako na kuirudisha na povu.

Na tarehe 14 mtakuwa mnapumzika kwa ajili ya Mwalimu Nyerere. Wengi hawajui kwamba alibatizwa Desemba 1943 akiwa mwanafunzi wa Makerere, mtu mzima na akili zake, hakuburutwa na mama. Baadaye akiwa rais na kazi zote zile alikuwa mtu wa misa ya asubuhi. Sasa we mwenye vipindi viwili kwa siku unasema ratiba imebana!

Ila imani yako itapimwa sana kwenye asainimenti za grupu kuliko kanisani, mtanikumbuka. Kuna mtu atakuomba umsainie mahudhurio, mwingine hajaja diskasheni hata moja anataka jina liwemo, na siku ya UE (mtihani wa mwisho wa semista) jirani ataingia na karatasi na utaiona. Mi niliwahi kumsainia mtu semista nzima huku ni msoma masomo. Nilivyoenda kuungama nikasema dhambi zote nikaiacha hiyo, nikarudi tena wiki iliyofuata nimeibeba yenyewe peke yake. Padre hakushangaa hata kidogo, nadhani ashaisikia sana.

Kitu kidogo cha mwisho, njooni na kopi ya cheti cha ubatizo na cha kipaimara kama unacho, na barua ya utambulisho kutoka jumuiya ya nyumbani. Ambao hamjapata kipaimara msione haya, ulizeni kwa padre mlezi kuhusu mafundisho, mi darasa letu lilikuwa na mtu wa mwaka wa tatu.

Sapu zote mbili nilizikata. Sahivi nimebaki kwaya tu, sauti ya tatu, na Jumamosi wakiita kikao cha nne cha wiki nasema nina kitabu nasoma. Wananuna kidogo afu wanazoea.