Picha ni safi, mbona mama bado anayumba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 na ana presha. Aliamka kuswali alfajiri, nyumba ikamzunguka, akatapika, akawa hawezi kusimama bila kushika ukuta. Mdomo haukupinda, mikono yote ina nguvu. Asubuhi hiyo hiyo CT-Scan ilitoka safi, tukaambiwa ni masikio. Sasa ni wiki ya tatu, bado anayumba. Kiharusi chaweza kuja bila kupooza?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Ndiyo, chaweza. Mrudisheni hospitali wiki hii.

Kiharusi cha kisogoni hushika serebela, ubongo mdogo unaopanga mizani ya mwili. Ndiyo maana mkono hukamata vizuri huku miguu ikikataa kusimama.

Damu iliyovuja huonekana nyeupe kwenye CT-Scan papo hapo. Mshipa ulioziba sivyo: saa za mwanzo sehemu iliyokosa damu hufanana na nzima, na mifupa minene ya kisogoni hutupa michirizi juu ya picha, ikaficha kidonda. Picha ile iliwaambia hakuna damu iliyovuja, basi. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, ingawa kidonda kidogo cha kisogoni huikwepa hata siku mbili za mwanzo. Kwa wiki ya tatu, ombeni MRI.

Kizunguzungu cha masikio kinacholetwa na chembe ndogo zilizohama ndani ya sikio huja mtu akijigeuza kitandani, na kwa kawaida hakimalizi dakika moja. Cha mama kiling'ang'ania. Mwambie aguse pua yake, kisha kidole chako, upesi upesi. Kidole kikipita pembeni, ulimi ukiwa mzito au akiona vitu viwiliviwili, mwambieni daktari hivyo hivyo. Akipatia yote, bado aende.

Kwa wengine yakiwakuta: andikeni saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Sukari ipimwe mara moja. Ikishuka huiga kiharusi. Msimpe aspirini kabla ya picha, wala chai au uji kabla hajapimwa kumeza, visije vikaingia mapafuni. Serebela huvimba, hasa siku ya pili hadi ya nne: akianza kusinzia ovyo, kichwa kikiuma na kutapika upya, rudini hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Mama abebe picha ya kwanza na dawa zake za presha, na mwombe apimwe pia mapigo ya moyo kwa ECG. Moyo unaodunda bila mpangilio hurusha damu iliyoganda hadi kichwani.