Barua kwa mwanangu: kuhusu ile motoka ya milango miwili

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo niliporudi misa. Unauliza jambo moja tu: kuna BMW 330Ci ya 2004, kupe ya milango miwili, inatoka Afrika Kusini, vitesi vyake, yaani gia, ni vya mkono. Uichukue hiyo, au umngojee yule muuzaji wa pili mwenye otomatiki? Na unasema nijibu mimi kwa sababu katika familia hii mwenye kujua ambrayaji, yaani klachi, ni mimi. Najua unanilainisha, lakini ni kweli.

Ila chini kabisa umeandika mstari mwingine mdogo, kama mtu anayepita haraka mbele ya mlango wa anayemdai. Kwamba mchumba wako atashuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuipokea, na kwa kuwa anajuana na watu wa duani, wale wa forodha, mtaiandika kwanza kwa jina lake, "kwa muda". Huo ndio mstari ulioninyima usingizi. Vitesi havijanisumbua.

Lakini uliuliza vitesi, basi tuanze huko. Nilikwenda kwa fundi wetu wa Kamalondo, akanipa stuli nikakaa. Anasema injini hiyo ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita tatu kasoro kidogo, nguvu za farasi 231. Hizo ni farasi za kule chini, usawa wa bahari. Sisi hapa Lubumbashi tuko juu, mita 1200 hivi, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Zitakazobaki zinakutosha, tena zinazidi. Vitesi viwe sita, kama kweli ni ya 2004. Zile za kabla ya 2003 zilikuwa na vitano. Tazama juu ya kirungu cha vitesi, na ukikuta vitano uliza mwaka upya.

Magonjwa yake yanajulikana. La kwanza ni maji: tangi la maji ya injini ni la plastiki, na miaka ishirini ya joto inaichosha plastiki. Mwezi wa kumi, jua la hapa, uko katikati ya foleni ya malori ya Kasumbalesa, ndipo tangi linapasuka, na kichwa cha injini cha aluminiamu hakisamehi joto. Fundi anasema usibishane: siku ile ile unayoinunua, badilisha tangi, pampu ya maji, thermostati na mipira yake, ndipo uanze kuhesabu kwamba una motoka. La pili ni sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inapofungwa. Kwenye ukoo huo wa BMW chuma kinapasuka pale. Ipandishwe juu, mtu aingie chini na taa, na asiwe mtu wa muuzaji. La tatu ni ambrayaji yenyewe. Gurudumu zito linaloshika sahani yake ni la vipande viwili vyenye springi katikati, na likichoka linagonga, na bei yake si ya mchezo. Jaribu hivi: tia vitesi ya nne ukiwa polepole, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele na motoka isipate mwendo, ambrayaji imekwisha. Ushushe bei au urudi nyumbani.

Kuhusu vipuri, hapo una bahati. Sedani za ukoo huo zilitengenezwa Rosslyn, karibu na Pretoria, kwa hiyo vitu vya injini na vya chini havikosi Johannesburg, na malori ya kuja huku unayaona mwenyewe kila siku. Milango, vioo na taa za kupe ni hadithi nyingine. Ukigongwa ubavuni, utangoja.

Na otomatiki? Fundi alicheka tu. Otomatiki ya Mjerumani ikiugua, wanaoweza kuifungua katika mji huu ni wachache, na hao wachache wanajijua. Bwati ya mkono, yaani sanduku la vitesi, inafunguliwa hata chini ya mwembe.

Kitu ambacho hukuuliza, na ulipaswa kuuliza, ni volani, yaani usukani. Ya Afrika Kusini ina volani kulia, na sisi tunatembea kulia. Hapa mjini si kitu, nusu ya jirani zetu wanaendesha hivyo. Lakini wewe kila mwisho wa mwezi unashuka toka Kolwezi, kilomita mia tatu na kitu, na mbele yako lori la shaba, mbele ya hilo lori la asidi. Ukikaa kulia huoni kinachokuja mpaka nusu ya motoka imeshatoka nje. Unahitaji mtu wa kushoto wa kukuambia "pita" au "rudi". Motoka yenye nguvu hivyo, na macho umeyaazima kwa mtu! Tena vitesi utabadilisha kwa mkono wa kushoto. Hilo utalizoea wiki moja. Lile la macho hulizoei.

Basi, ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekomea hapo.

Unaikumbuka kwa picha ile Peugeot 504 kupe ya papa yako, ile nyeupe. Karoseri, yaani bodi, ya Pininfarina, wachoraji wa magari wa Turin. Papa yako alikuwa analitamka jina hilo mbele ya wageni kama anataja parokia yake. Aliinunua kwa enjinia mmoja Mbelgiji aliyekuwa anaondoka baada ya uporaji wa 1991, wakati ule kila mwenye pasipoti ya nje alikuwa anauza friji, vitanda, mbwa. Fedha ilikuwa akiba yetu sote wawili. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa humo, na vitambaa nilivyouza vilikuwa humo. Hilo ninalisema kila mara, na nitalisema tena.

Hadithi ya Likasi umeisikia, lakini umeisikia kwa mdomo wa papa yako, na alikuwa anaisimulia vibaya. Alikuwa anasema, "Niliendesha toka Likasi bila ambrayaji." Aliendesha nani? Papa yako alikuwa amejikunja kwenye kiti cha kando, malaria inamtikisa hadi meno yanagongana. Mama mdogo wako alikuwa nyuma na mtungi wake wa mafuta ya mawese katikati ya magoti, anaimba zaburi. Na wewe ulikuwa tumboni, unapiga mateke kila nilipokanyaga freni. Volani niliishika mimi.

Tulikuwa hatujamaliza kutoka Likasi pedali ya ambrayaji ikashuka hadi sakafuni, isirudi. Usiku. Papa yako akasema tulale pale pale. Nikamwambia, ulale wapi na homa hiyo? Mimi nilijifunzia Land Rover ya misheni, na fundi wa misheni alitufundisha kitu ambacho siku hizi hawafundishi: ambrayaji ni adabu tu, si lazima. Ukisikiliza injini, unaondoa mguu kwenye mafuta, kirungu kinalegea chenyewe, unakitoa, unangoja sauti ishuke, unakisukuma ndani ya vitesi ya pili kwa vidole viwili. Ukiwahi, kinalia. Ukichelewa, kinalia. Ukikipata, kinaingia bila kelele yoyote. Kurudi chini ni kinyume: unapandisha sauti kidogo kwanza. Nilikosa mara kadhaa, mama mdogo wako akapandisha zaburi, kisha mkono ukajua.

Taabu ni kusimama. Na kizuizi cha askari kilikuwepo, si unajua wakati wa Zaire. Betri yetu ilikuwa imechoka, nikaona nikizima tumekwisha, basi nikaiacha injini inaunguruma bila vitesi. Askari wakaja na taa, wakataka vitu vyao vya usiku. Nikawaambia: mgonjwa huyu, mimba hii, na motoka haina ambrayaji, kwa hiyo hamna cha kuchukua ila kusukuma. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama kweli mwanamke anaendesha kitu hicho bila ambrayaji. Nikamjibu: sukuma, utaona. Walisukuma, mwanangu! Askari watatu na bunduki mgongoni, wanasukuma Peugeot, na ilipofikia mwendo wa mtu anayetembea nikaitia vitesi ya kwanza, ikashika, na nyuma nikasikia wanapiga makofi. Nikikumbuka makofi yale mpaka leo nacheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo ukiniuliza vitesi vya mkono au otomatiki, unadhani nitakujibu nini? Otomatiki ikikataa, imekataa. Lakini haya, nijikatize mwenyewe: kwani bado tunavuka vizuizi vya usiku? Una simu, una kazi, kampuni yako ina motoka za kukufuata. Huenda ninapenda tu kukumbuka. Na kupe, nani atakaa nyuma? Mimi na magoti haya nitaingiaje? Utanikunja kama mkeka? Halafu najijibu: kwani ananinunulia mimi? Hana watoto bado, ana mshahara wake, amesoma mpaka ameshika migodi, na amechoka kupanda Land Cruiser ya kazi yenye bendera juu. Acha mtoto apande kitu kizuri. Halafu najijibu tena: kitu kizuri chenye volani kulia, kwenye barabara ya Kolwezi. Unaona ninavyolala siku hizi.

Sasa karte roze, ile karatasi ya kuandikishia motoka. Ile 504, baba yenu mkubwa alisema: mimi najua watu wa ofisi, tuiandike kwa jina langu kwa muda, mambo yapite haraka. Kwa muda! Papa yako hakutaka kumkatalia kaka yake, na mimi hata kama ningetaka jina langu liandikwe, Sheria ya Familia ya 1987 ilitaka mke apate kwanza ruhusa ya mume. Muda ukapita, miaka ikapita. Papa yako alipofariki, kilio hakijaisha, mikeka haijakunjwa, baba yenu mkubwa akatoa karatasi mfukoni mbele ya wazee. Hakuna aliyebishana, kwa sababu hakukuwa na cha kubishania. Motoka ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye karte roze. Nilimpa funguo. Hakujua hata kuitia vitesi ya nyuma. Alimwita kijana wa jirani amtolee uani. Baadaye nikasikia aliiuza Kipushi, vipande vipande.

Nisikilize vizuri. Simsemi vibaya mchumba wako. Ananisalimu kwa heshima, analeta samaki, na siku ile ya mvua alipanda juu ya bati letu bila kuombwa. Pengine ni kweli kwamba kwa duani jina lake linarahisisha. Pengine mimi ni mjane aliyeungua na sasa ninaogopa hata maji baridi. Lakini na baba yenu mkubwa alikuwa analeta samaki. Motoka ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye karte roze, na sheria ile ilibadilishwa 2016. Ruhusa ya mwanamume haidaiwi tena. Hata mume bado hujaolewa naye, mama! Unatia sahihi yako mwenyewe, na foleni ya ofisi unaipanga mwenyewe hata ikichukua siku nzima. Kama anakupenda, atakushikia nafasi kwenye foleni.

Basi ninunue au nisinunue, utauliza. Ulimi unaniwasha, Mungu anajua, lakini sisemi. Fedha ni zako. Ninaloweza kusema ni kwamba kama ingekuwa na volani kushoto, barua hii ingekuwa fupi. Na kama ukiichukua hiyo hiyo, fundi wetu yuko tayari kushuka nawe Kasumbalesa. Umlipe nauli na chakula, na alinganishe namba ya shasi iliyo chini ya kaputi, kifuniko cha injini, na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kabla hujamkabidhi mtu dola hata moja. Ifanye siku ya kazi, ofisi zikiwa wazi. Ukipita Likasi, mama mdogo wako usimtajie bei, maana atakumbuka deni la ule mtungi wa mawese uliomwagika kwenye kapeti.

Na mwambie mchumba wako kwamba nimesema jina liwe lako. Sema ni mimi niliyesema, si wewe; mimi sina shida ya kuchukiwa kidogo. Wakimaliza kuandika, nitumie picha ya karte roze, pande zote mbili.

Mama yako