Galaxy A15 au Redmi 13C kwa kazi ya boti?

Sheikh, umeuliza simu ipi ikufae hapo Nungwi, Samsung Galaxy A15 au Redmi 13C. Betri usiumize kichwa, zote ni mAh 5000 (kipimo cha ujazo wa betri). Tazama kioo. A15 ina AMOLED, kioo ambacho kila nukta hujiwashia mwanga wake, ya pikseli (nukta za picha) 1080. Juu ya boti, jua la saa saba, nasoma meseji bila kuifunika kwa kiganja. Redmi ya mdogo wangu ni LCD, kioo kinachomulikwa kwa taa ya nyuma, ya pikseli 720, kubwa kidogo, lakini pale pwani unajiona uso wako tu! Prosesa, yaani chipu inayoendesha simu, kwa matoleo ya 4G ni Helio G99 kwenye A15 na Helio G85 kwenye Redmi: ukifungua ramani na WhatsApp pamoja, G85 inaanza kujikokota. Redmi ni rahisi zaidi kwa bei, sikatai. Mimi ningeongeza pesa. Na zote haziwezi maji ya chumvi, beba mfuko wa nailoni.