Kabla ya kuota dawa ya Alzheimer, itunze peptidi yako

Wanafunzi wanaokuja maabara kwetu hapa Kisumu wakitaka mradi wa magonjwa ya ubongo huwa wameshasoma mengi. Wanajua kwamba katika Alzheimer protini iitwayo amiloidi-beta hukunjika vibaya, ikajikusanya na kujenga nyuzi zisizoyeyuka, na kwamba katika Parkinson mhusika ni alfa-sainukleini, yenye asidi amino (vijenzi vya protini) 140. Wanajua kuwa mwaka 1996 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kipande cha amiloidi-beta yenyewe, asidi amino tano tu kuanzia ya 16 hadi ya 20, huishika protini nzima na kuivurugia mpangilio wa nyuzi. Mwaka 1998 mtafiti Claudio Soto na wenzake wakaja na peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, ya asidi amino tano; moja ni prolini, ambayo haikubali kukaa katika mpangilio bapa wa nyuzi hizo, basi ikawa kabari.

Wazo la kuzuia nyuzi kwa peptidi ni zuri na linaelezeka kwa dakika mbili. Kazi hufia kwingine.

Hufia kwenye friza, kwa mfano. Peptidi hutufikia kutoka ng'ambo ikiwa unga, ukungu mweupe tu chini ya kichupa. Ukiitoa kwenye baridi, usiifungue. Iache mezani mpaka ukikishika kichupa usihisi ubaridi wowote. Hewa yetu ina unyevu wa ziwa, na ukifungua kichupa kingali baridi unga hunywa maji ukiwa unautazama, ukanywea na kunata ukutani. Ulichopima leo hutakipima tena kesho. Halafu soma cheti kilichokuja nayo: uzito ulio kwenye lebo huwa na chumvi na maji ndani yake, peptidi halisi ni pungufu. Ukishaiyeyusha, igawe kwenye vichupa vya kutumika mara moja. Na stima ikipotea, mtu asifungue mlango wa friza kwenda "kuangalia tu". Kwetu tumebandika onyo hilo mlangoni na bado kuna wa kufungua.

Usianze na amiloidi-beta. Ni ghali, na ikija na vishada vidogo vilivyokwisha kushikana, hivyo ndivyo vitakuwa mbegu ya nyuzi mpya na kila jaribio litakupa jibu lake. Jifunze kwanza na lisozaimu, protini ya ute wa yai: iweke kwenye asidi kali, pH 2 hivi, uipashe joto la digrii 60 na kitu za Selsiasi, nayo itakutengenezea nyuzi bila gharama ya kukutoa jasho. Ukipata majibu yale yale wiki hadi wiki, ndipo uagize ya bei.

Sasa kuhusu ile grafu. Wengi wetu tunatumia rangi ya thioflavini T, ambayo hung'aa inapojishika kwenye nyuzi. Mwanafunzi huongeza peptidi yake, mng'ao unashuka, anakuja mbio ofisini simu mkononi. Mimi huuliza swali moja: nyuzi zimepungua, au ni rangi imesukumwa? Peptidi ikikalia mahali pa rangi, mng'ao utashuka na nyuzi ziko pale pale. Izungushe sampuli kwa kasi kwenye sentrifuji ili nyuzi zitue chini, upime protini iliyobaki kwenye maji ya juu. Kama unamfahamu mwenye darubini ya elektroni, muombe nafasi. Pia tengeneza peptidi ya pili yenye asidi amino zile zile, mpangilio umechanganywa ovyo. Hiyo nayo ikizuia, huna dawa, una kitu kinachonata tu. Pesa za peptidi hii ya pili ndizo wanafunzi hupenda kuokoa, na mimi ndizo nisizokubali zikatwe kwenye bajeti.

Kuna jambo linaloniogopesha zaidi. Ushahidi mwingi unaelekeza kwamba vishada vidogo, kabla havijawa nyuzi, ndivyo vinavyoumiza seli kuliko nyuzi zenyewe. Peptidi inayozuia nyuzi lakini ikaacha vishada vikielea inaweza kuharibu badala ya kuponya. Kwa hiyo majaribio ya seli hayasubiri mwaka wa mwisho.

Tumbo na damu nazo zina vimeng'enya vya kuikatakata peptidi ya kawaida, ndiyo maana insulini hudungwa. Njia mojawapo ni kutumia asidi amino za umbo la kinyume, kama taswira ya kioo, ambazo vimeng'enya hivyo vinazishindwa. Watafiti wa Jülich, Ujerumani, wamefikisha peptidi ya namna hiyo, ya kumeza, kwenye majaribio ya wagonjwa. Dawa za Alzheimer zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024, lekanemabu na donanemabu, ni kingamwili, si peptidi fupi kama zetu.

Jiandae pia kuulizwa nyumbani. Shangazi yangu wa Siaya, mumewe ana Parkinson, aliniomba nimletee "hiyo ya maabara, hata kidogo". Nilimwambia: shangazi, hiyo haijaonja damu ya mtu. Tulichofanya ni kukaa na daftari la levodopa, dawa ya Parkinson anayotumia mjomba, tukaona anaimeza pamoja na samaki na ugali. Protini ya chakula hushindana na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo tulimuuliza daktari wake, naye akaihamisha nusu saa kabla ya kula.