Silinda kukwama baada ya kujaza upya maganda ya .38 Special

Silinda ya rivolva ikikwama na risasi za .38 Special ulizojaza upya, mara nyingi chanzo ni fataki (kikombe kidogo cha kuwasha baruti kwenye kitako cha ganda) ambayo haijazama vizuri. Kwenye rivolva, kitako cha risasi hupita karibu sana na fremu, kwa hiyo fataki ikichomoza hata kidogo tu silinda inagoma kuzunguka. Dalili nyingine ni hii: nyundo ikipiga mara ya kwanza risasi hailipuki, ukirudia inalipuka, kwa sababu pigo la kwanza limeishia kuisukuma fataki ndani.

Pitisha kidole kwenye kitako cha kila ganda kabla ya kutia baruti. Fataki iwe chini kidogo ya usawa wa shaba, kama inchi 0.003 hadi 0.005. Haijafika? Safisha masizi kwenye tundu lake. Ikigoma kuingia kabisa, usilazimishe, kagua ganda: mengi ya kijeshi yana ukingo uliobanwa ambao lazima uondolewe kwanza. Kwa wenye rivolva za .45 ACP, maganda hayo yapo ya tundu kubwa la fataki na ya tundu dogo, yatenganisheni mapema.

Lakini risasi iliyokwisha kukamilika usiisukume fataki yake tena, tafadhali sana. Itenganishe kwanza, utoe kichwa na baruti, na miwani ya kinga iwe usoni.