datetime ya Python: saa 3 zinapotelea wapi?

Uliyeuliza kwa nini, katika lugha ya programu ya Python, `datetime.utcnow().timestamp()` inatoa namba iliyopungua sekunde 10800 kamili (saa 3): hifadhidata yako haina kosa. Datetime haihifadhi idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970. Inahifadhi mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde na mikrosekunde, kila kimoja peke yake, pamoja na `tzinfo`, yaani ukanda wa saa, ambayo inaruhusiwa kuwa None (tupu). Sasa `utcnow()` inajaza tarakimu za UTC (saa ya rejea ya dunia, ambayo Nairobi iko mbele yake kwa saa 3) na kuiacha `tzinfo` tupu. `timestamp()` ikikuta tupu, inachukulia kuwa hizo ni saa za mashine. Laptopu iliyowekwa saa za Nairobi inaondoa saa 3 ambazo hazikuwepo. Kwenye seva iliyowekwa UTC kosa halionekani, ndiyo maana majaribio yanapita. Andika `datetime.now(timezone.utc)`. `utcnow()` imeshawekewa onyo la kuachwa tangu Python 3.12, na onyo lenyewe limechelewa.

Ukilinganisha datetime yenye ukanda wa saa na isiyo nao kwa `<`, utapata kosa la TypeError. Afadhali hiyo, kwa sababu `==` inarudisha False kimya kimya.

Ukitoa datetime moja kwenye nyingine ukapata `-1 day, 23:59:59`, nayo ni sahihi. Jibu hilo ni timedelta, yaani tofauti ya muda, na ina sehemu tatu: siku, sekunde na mikrosekunde, na ni siku pekee inayoweza kuwa hasi. Sekunde hasi moja lazima iandikwe siku -1 jumlisha sekunde 86399. Kwa hiyo usisome `.seconds` ukidhani ni jumla: tofauti ya saa 25 itakupa 3600. Jumla iko kwenye `total_seconds()`, yaani 90000.

Aliyeshauri `tzinfo=pytz.timezone("Africa/Nairobi")`, kutoka pytz, maktaba ya kanda za saa, amekupeleka kwenye shimo jingine. Ukiipachika hivyo, pytz inachukua rekodi ya kwanza ya ukanda huo, saa ya jua ya Nairobi kabla ya 1908, na 09:00 yako inakuwa +02:27, yaani 06:33 UTC badala ya 06:00. Pytz inataka `localize()`. Kuanzia Python 3.9 tumia `ZoneInfo("Africa/Nairobi")` iliyomo ndani ya Python yenyewe, hiyo unaipachika moja kwa moja. Kwenye Windows ikilalamika haioni ukanda, `pip install tzdata`.