Neva zinauma, na moyo nao umezama: majibu ya maswali yenu

Dokta, nina kisukari, miguu inaniwaka moto usiku mwaka wa pili sasa. Nimepewa amitriptilini, kusoma karatasi ya ndani naona ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni kali. Ina maana daktari haamini kama naumwa?

Anakuamini kabisa ndugu yangu. Iko hivi, kutoka shina la ubongo kuna njia inashuka mpaka uti wa mgongo, kazi yake ni kupunguza makali ya maumivu kabla hayajapanda juu, na kemikali zinazofanya kazi hapo ni serotonini na noradrenalini, hizohizo zinazogusa furaha na huzuni yako. Dawa inazifanya zikae zaidi kati ya neva, yaani mishipa ya fahamu, breki inashika. Ndo maana dozi ya neva huanzia chini, mara nyingi mg 10 mpaka 25 usiku. Duloksetini nayo Marekani waliipitisha 2004 kwa vyote viwili, sonona na maumivu ya neva ya kisukari. Ila si kila dawa ya sonona inasaidia, fluoksetini inagusa serotonini zaidi na kwenye neva haifui dafu.

Kipi kinaanza, maumivu au sonona?

Chochote, halafu kinamvuta mwenzake. Neva ikiumia, seli za kinga zinaamka na kumwaga kemikali za uvimbe kama interlukini-6, na hizi zikiufikia ubongo mtu anachoka, anakosa hamu, hataki hata kuongea na watu. Ushahidi mzuri ni wagonjwa wa homa ya ini C enzi zile za sindano za interferoni, nayo ni kemikali ya kinga, mtu hajawahi kuugua sonona maishani ila wiki chache tu baada ya kuanza sindano analia hovyo na haelewi kwa nini. Ongeza na kukosa usingizi, hapo mwili unabaki kwenye msongo na maumivu yanapanda tena.

Mume wangu shuka likimgusa tu mguu anaruka, ndugu zake wanasema anajidekeza.

Hajidekezi hata kidogo, na inaniuma kusikia mgonjwa anaambiwa hivyo. Uti wa mgongo ukipokea maumivu muda mrefu unakuwa mwepesi wa kuhisi kupita kiasi, mguso wa kawaida unasomeka kama kuchomwa. Dada, muulize pia kama amewahi kuwaza kujiua, maana maumivu sugu yanaongeza hatari hiyo, na kumuuliza hakumpi wazo jipya. Akisema ndiyo usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nimeanza duloksetini juzi sioni kitu, nichanganye na tramado, ile dawa ya maumivu?

Usichanganye mwenyewe! Tramado nayo inapandisha serotonini, zikikutana unaweza kupata mtetemeko, joto kali, moyo kwenda mbio, hata degedege. Duloksetini inahitaji wiki kadhaa, na usiikate ghafla. Rudi kwa aliyekuandikia umweleze maumivu na huzuni pia, vyote viwili.